Kigelegele cha Pointi Moja

Jumapili, saa nane mchana. Mvua nyembamba. Mwezi wa tatu wa kufungiwa ndani kwa korona, Sydney.

Samahani. Nimekaa muda mrefu bila kuandika hapa, na ninyi mnaonisoma, wachache kama mlivyo, mmeniuliza kama nimeugua. Sikuugua. Kila siku ya tatu wananichokonoa pua kazini, na kila mara naambiwa sina kitu. Sikuandika kwa sababu kila nilipoanza nilijikuta natafuta namna ya kujisafisha.

Samahani kubwa zaidi ni yako, Mama Mdogo. Najua huko Kigoma wajukuu wanakufungulia na kukusomea. Jumamosi ya juzi tulikuwa tunaangalia harusi ya Esta kwa simu, na mlipomtoa bibi harusi nje, sisi tukapotea. Ulinitumia ujumbe ukisema pole, mtandao nao ni mtihani.

Mtandao ulikuwa mzima. Simu niliikata mimi.

Nitaeleza, ila lazima nianze mbali kidogo. Baba Neema amelala, ametoka bandarini asubuhi na lori lake. Neema naye amesinzia juu ya nguo ambazo hazijakunjwa. Nina saa moja, labda.

Riziki mnamjua. Mdogo wangu, miaka kumi na tisa, niliyemlea tangu kambini, tangu Mama alipofariki yeye akiwa na minane na mimi kumi na saba. Ananiita Yaya, ndivyo kwetu Uvira tunavyomwita dada mkubwa, lakini karatasi zote za shule hapa nimezisaini mimi kwenye mstari wa mzazi.

Anacheza mpira wa hapa, ule wenye umbo la yai, unaodakwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu. Yeye ni mshambuliaji wa mbele kabisa. Kazi yake ni moja tu, kufunga. Mwaka jana korona ilikula nusu ya msimu, na katika hiyo nusu iliyobaki alifunga kuliko wote. Mwaka huu kocha wake akamwambia kuna klabu kubwa inayotafuta mfungaji mmoja wa kikosi chake cha wasichana, na kwamba wanamwangalia. Riziki aliniambia habari hiyo akiwa amegeukia friji, ili nisione uso wake. Huyu ni mtoto aliyekuwa hataki kitu chochote kwa sauti. Hiki alikitaka.

Mimi sikuwahi kumwona akicheza. Mwaka jana watazamaji walizuiwa, na nilikuwa na shifti za Jumamosi kwenye ghala Wetherill Park. Mwaka huu, mechi ya kwanza, nikaomba ruhusa, nikamfunga Neema mgongoni ingawa ameshakuwa mkubwa, nikaenda.

Riziki alikuwa na haraka ya kuvaa viatu. Akanielekeza kwa maneno machache: uwanja una nguzo nne kila upande, mbili ndefu katikati na mbili fupi pembeni, na nyuma yake anasimama mwamuzi mwenye bendera. Akasema, ukiona bendera inapepea, ujue tumepata.

Basi.

Sasa, Mama hakutuachia kitu. Sufuria zilibaki kambini, kitanda tulikiuza. Alichoacha ni kigelegele chake. Mama Mdogo, wewe unakijua: kinapanda, kinapanda, kinakatika ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo, halafu kinaendelea pale pale kilipoachia. Watu walikuwa wanamwita kwenye harusi za watu asiowajua ili aje apige tu. Riziki hakukipata, akijaribu anaishia kucheka. Mimi nilikipata chote.

Kipindi cha kwanza Riziki akaudaka mpira mbele ya nguzo. Katika mchezo huu ukiudaka hivyo, kila mtu anasimama, unarudi nyuma, unapiga peke yako bila kuguswa. Mpinzani mmoja tu anaruhusiwa kusimama mbele yako kwenye alama, anainua mikono na kukupigia kelele. Uwanja mzima unatulia. Riziki akakimbia, akapiga. Mpira ukapita kati ya nguzo ndefu na nguzo fupi. Mwamuzi akainua kidole kimoja, akapeperusha bendera moja.

Nikapiga kigelegele cha Mama. Chote. Neema mgongoni akapiga chake kidogo.

Watu waligeuka wakaniangalia. Nilidhani wamependa.

Akapiga la pili. Bendera moja. Nikapiga tena, na safari hii nikaruka. La tatu vilevile. Nilimwona Riziki akinitazama kutoka kule mbali, nikampungia mkono.

Mnaojua mchezo huu mmeshanielewa na mnanionea huruma, au mnacheka. Goli lina bendera mbili na pointi sita. Bendera moja ni pointi moja, na pointi moja ni ya kukosa. Ni kifuta jasho. Yaani mbele ya kocha, mbele ya wenzake, mdogo wangu alikosa mara tatu, na mara zote tatu mtu mmoja tu uwanjani alimshangilia kwa nguvu zake zote.

Alipojiandaa kupiga la nne, beki wao aliyesimama kwenye alama, msichana mmoja mrefu mwenye utepe mwekundu kichwani, akakipiga yeye. Akakiiga. Alikiiga vibaya, kama mbwa aliyekanyagwa mkia, lakini alikiiga, na wenzake wakafurahi wakajiunga. Riziki akapiga nje kabisa. Hata ile bendera moja hakuipata.

Tulirudi nyumbani. Nilipozima gari ndipo aliposema.

“Yaya, ile pointi moja ni ya kukosa.”

“Zote tatu?”

“Zote tatu.”

“Sasa mbona hukuniambia?”

“Ningekuambia saa ngapi? Nilikuwa nakosa.”

Nilicheka. Nakiri hapa, nilicheka, nikidhani na yeye atacheka, tuingie ndani tuwahadithie wengine. Alifungua mlango, akachukua begi lake, akaingia peke yake.

Kuna mtu alikuwa amerekodi kwa simu. Wiki iliyofuata, timu nyingine, uwanja mwingine, na wasichana wale walikuja wakiwa wameshajifunza. Riziki akidaka tu mpira, wanaanza. Wazazi wao nyuma ya kamba nao wanaanza, na watoto wao wadogo. Mwanamke mmoja alinisogelea akiwa na thermos yake, akaniuliza kwa adabu kama anakipiga sawasawa.

Kocha wa Riziki alikwenda kulalamika. Refa akasema, kwa upole kabisa, kwamba yeye alidhani ni furaha, ni utamaduni, kila mtu anashiriki. Si mama yake ndiye aliyeanzisha? Baadaye kocha akaniita pembeni, akaniomba kama itawezekana ile sauti yangu niiache nyumbani kwa muda. Alinishika bega wakati wa kuomba. Ningependa zaidi angenitukana.

Nikaacha kwenda. Wao hawakuacha.

Mechi sita, goli moja. Mpira huu haupigwi ukiwa chini. Unaushika, unakimbia hatua kumi na mbili, unauachia udondoke mbele ya mguu. Siri yote iko kwenye kuuachia. Mkono wa Riziki ulianza kuuachia mapema. Akisikia sauti ile, au akihisi tu kwamba inakuja, mkono unafunguka wenyewe. Alijua, na kujua hakukumsaidia. Nilimwona uani akiachia boga, akiachia kiatu cha Neema, akiachia mkate, mara mia, na peke yake hakukosea hata mara moja.

Halafu mji ukafungwa. Nitasema kitu kibaya: nilishukuru. Niliposikia kwamba michezo yote imesimamishwa nilipiga magoti jikoni nikashukuru, wakati watu wanakufa.

Shukrani yangu ilidumu siku tisa. Klabu kubwa wakatuma ujumbe. Majaribio hayatafanyika uwanjani. Kila msichana ajirekodi akipiga mara kumi kutoka umbali mmoja, video moja bila kukatwa, bila muziki, wanataka kusikia jinsi mguu unavyougusa mpira. Walitoa wiki tatu.

Jioni hiyo Riziki alikuja nikiosha vyombo.

“Yaya, nataka unipigie.”

“Nikupigie nini?”

“Unajua.”

Nikasema hapana. Nikasema hicho ni cha Mama, si fimbo. Nikasema kwenye video hakuna mpinzani, nani atampigia kelele, apige kimya kimya amalize.

“Video ni siku moja,” akasema. “Wakinichukua, itakuwa kila Jumamosi. Wao hawatanionea huruma. Afadhali nianze na wewe.”

Mimi ndiye niliyemtia ugonjwa. Ningesema nini?

Sheria ilikuwa saa moja kwa siku nje, na watu wa nyumba yako tu. Kwa hiyo nilikuwa ndiye mpinzani pekee anayeruhusiwa kisheria. Nikitoka shifti ya asubuhi, pua inawasha kwa kipimo, mgongo umekufa kwa kuinua maboksi, nakuta Riziki ameshamvalisha Neema koti na kumweka kwenye kigari. Tunakwenda kwenye uwanja wa jirani wenye nguzo. Nasimama kwenye alama, nainua mikono, yeye anakimbia, mimi napiga kigelegele cha mama yetu ili akose.

Siku ya kwanza alikosa yote. Ya pili yote. Neema kwenye kigari chake alikuwa anapiga makofi, na kila mpira ulipokwenda kombo alipiga kigelegele pamoja nami. Niliona. Nilikuwa nimechoka mno kufikiria maana yake.

Siku ya nne wakaja polisi wawili. Mtu alikuwa amepiga simu kwamba kuna mwanamke analia uwanjani na hanyamazi. Nikavuta barakoa juu, nikawaeleza kwa Kiingereza changu kwamba hii ni sauti ya harusi, ninaipiga ili mdogo wangu akose goli, tena yeye mwenyewe ameniomba. Mmoja wao, kijana, akamwangalia Riziki. Riziki akamwambia ndiyo, nimemwomba. Wakauliza anwani yetu wakaondoka, na nilisikia mmoja akicheka kabla hawajalifikia gari.

Wiki ya pili akaanza kufunga nne, tano. Halafu akakwama hapo hapo. Tano, nne, tano. Akasema kigelegele peke yake hakitoshi, wale wasichana wanasema na maneno. Nikatafuta maneno. Nilimwambia miguu yake ni ya bata. Nilimwambia arudi kwao. Nilimwambia yote ambayo nimeshawahi kuambiwa kwenye foleni za nchi tatu. Akatikisa kichwa, kama mtu aliyepewa chakula kisicho na chumvi.

Hili linalofuata sijalisema kwa mtu yeyote.

Siku Mama alipofariki, Riziki hakuwepo. Alikuwa kiwanjani na watoto wenzake, wanapiga mpira wa matambara. Mama alimuulizia mara mbili. Nilimtuma mtoto wa jirani akamwite, na walipofika ilikuwa imekwisha. Hakuna aliyewahi kumlaumu, alikuwa na miaka minane. Sikuwahi kulitaja. Miaka kumi na moja tumeishi nyumba moja na sijawahi.

Alhamisi ile nilikuwa nimesimama kwa muda wa saa tisa kwenye mkanda wa mizigo. Upepo ulikuwa unakata. Riziki alikuwa amekosa matatu mfululizo. Akaanza kukimbia, na badala ya kigelegele nikasema:

“Hata siku ile ulikuwa kwenye mpira.”

Nilisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayekumbusha jambo.

Hakusimama. Mkono haukufunguka mapema. Mpira ulipita katikati kabisa ya nguzo ndefu, juu, ukaenda kugonga uzio kule nyuma. Riziki akabaki ameangalia pale mpira ulipopita. Hakuja kunipiga, hakulia. Akaufuata mpira mwenyewe, akarudi nao, akaenda kwenye hatua yake ya kumi na mbili.

“Rudia,” akasema.

Nikarudia.

Nilirudia siku tano. Sitaandika mara ngapi.

Siku ya kurekodi nilifunga simu kwenye kigari cha Neema kwa lastiki ya nywele. Tulikubaliana kwamba mbele ya kamera napiga kigelegele tu, maneno hapana, lakini maneno yalikuwepo hata bila kuyasema, yalikuwa yamesimama na mimi kwenye alama. Moja, akafunga. Mbili. Tatu. Alikuwa na uso wa mtu anayefunga mlango, anakwenda mlango wa pili, anafunga. Alipofikisha tisa kati ya tisa koo langu lilikuwa limechubuka.

Kwa la kumi nilinyamaza.

Nilitaka kumpa zawadi. Niliwaza, la mwisho hili liwe lake, safi, bila mimi wala wale wasichana, kama mtoto anayecheza. Nikashusha mikono. Uwanja ukawa kimya kabisa, hata ndege hakuna.

Mpira ukagonga nguzo. Ukigonga nguzo ni pointi moja.

Alizima simu kwanza, ndipo akanigeukia.

“Ulinyamaza kwa nini?”

Nikaanza kufungua ile lastiki. Tukarudi nyumbani kwa miguu, Neema akiimba.

Majibu yalikuja baada ya siku kumi. Wamemchukua. Ataanza mazoezi nao mara tu mji utakapofunguliwa. Waliandika kwamba wamependa mguu wake na utulivu wake, na Riziki akanisomea sentensi ya mwisho akiifasiri, kwa sauti ile anayosomea bili ya umeme: “Na tulifurahi sana kumsikia mama yako akikushangilia kila mpigo.”

Akaweka simu mezani, akaenda kuanua nguo.

Nilimfuata nikampongeza. Akasema asante, Yaya. Nikasema yale maneno nisamehe. Akasema hakuna kitu, yamefanya kazi. Akaendelea kutoa vibanio, kimoja kimoja, anavitia kwenye kikopo. Nikaona ni heri angenitukana na yeye.

Hayo ndiyo yaliyokuwa nyumbani kwangu ilipofika harusi ya Esta.

Tulikuwa tumevaa vizuri, Mama Mdogo, ujue tu. Baba Neema alivaa shati. Simu tuliiegemeza kwenye birika, Riziki ameketi karibu kuliko wote, ameshika glasi ya soda. Mlango wa nyumba yako ukafunguliwa, Esta akatoka na gauni jeupe, wanawake wakaanza. Vigelegele vikajaa jikoni kwangu.

Mkono wa kulia wa Riziki ukafunguka. Hakutaka, niliuona ukifunguka wenyewe. Glasi ikaanguka ikavunjika, soda ikamrukia miguuni.

Neema akacheka. Akapiga kigelegele, kizuri, kinapanda na kukatika na kuendelea, kigelegele cha bibi yake ambaye hakumwona. Kisha akamnyooshea Esta kidole kwenye kioo cha simu, akaniuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakisikia lakini hajibu nacho:

“Mama, yule mwenye gauni amekosa nini?”

Nikakata.

Sasa mnajua. Riziki aliokota vioo peke yake, akakataa nisaidie. Kesho yake alikwenda uwanjani kama kawaida, nami nikasimama kwenye alama, kwa sababu nikinyamaza anakosa na nikipiga anafunga, na nimeshajifunza kwamba huruma yangu ndiyo iliyomgongesha nguzo. Saba kati ya kumi. Tumekubaliana jambo moja tu: Neema haji tena. Anabaki na baba yake, hata kama baba yake amelala na yeye anatazama katuni.

Sijui kama nimemponya mdogo wangu au nimemfundisha kukimbia na mwiba mguuni. Hilo litajulikana Jumamosi za mbele, wakifungua. La Neema siwezi kulingojea Jumamosi. Ana miaka mitatu, na kitu anachokijua kuhusu kigelegele ni kwamba kinapigwa mtu akiharibu. Juzi nilimwaga uji akanipigia.

Kwa hiyo Mama Mdogo, uliniambia nikutajie ninachohitaji, nami nilikujibu hapana asante. Nimebadilisha. Dagaa usitume, hapa forodha watawakamata. Tuma zile sare mbili za kitenge cha harusi ulizotuwekea mimi na Riziki, hata kama harusi imepita, na kikibaki kipande chochote, hata cha mkono, ongeza kwa ajili ya Neema. Tuma ile video ya Esta akitoka mlangoni, kuanzia mlango unapofunguliwa hadi anapoingia kwenye gari, usiikate, nataka mtoto aone mtu anafanyiwa vile na anacheka. Na ile diski ya harusi ya Mjomba kule kambini, najua ipo kwenye sanduku chini ya kitanda chako. Mpe kijana yeyote wa studio akutolee pale Mama anapopiga, baada ya wazee kumaliza kusali, amesimama kushoto kwa mlango na Riziki mgongoni. Picha imeshaharibika, najua, usihangaike nayo. Sauti tu. Sekunde kumi zinatosha.